Mguu wa Kikwato

Yeyote aliyemnyoosha Kikwato mguu, kama angekuwa karibu na Shangazi asubuhi ile, angekiona cha mtema kuni.

Shangazi alikuwa ameshika kifaa cha kujaribia gemu, kile chenye plasta kwenye kifuniko cha betri, na macho yalikuwa yamemtoka pima. Mdogo wake wa kiume alikuwa amempigia simu kuuliza Kikwato anapatikana pori gani, kwani binti yake, aliyepelekewa na Shangazi boksi la gemu jipya, alikuwa amemtafuta tangu jana. Shangazi akaingia pori la gemu mwenyewe kuhakikisha. Sasa kwenye kioo dubwana dogo lenye pembe moja na manyoya ya rangi ya kutu lilikuwa linakatiza majani, likiinua miguu yake minne kwa zamu kama askari wa gwaride. Alilirudisha nyuma, akalitembeza tena. Gwaride lile lile.

"Nani kafanya huu upuuzi?" aliuliza. Watu wa meza zote kumi na mbili wakavua vipokea sauti, wakamgeukia.

Walimwita Shangazi kwa sababu ndiye pekee aliyekuwapo gemu lilipotengenezwa mara ya kwanza, miaka ishirini na minne iliyopita, wakati nusu ya hao waliokuwa wakimkodolea macho walikuwa bado wananyonya. Enzi hizo walikuwa watu watatu kwenye chumba kimoja juu ya duka la rangi za nyumba, na yeye ndiye aliyechora madubwana yote sitini na moja, kidoti kwa kidoti, kwenye karatasi ya miraba. Mchezo wenyewe haukuwa na mambo mengi. Unazurura porini, unakamata madubwana, unayalea, unayapambanisha na ya wenzako. Watoto waliupenda kupita kiasi. Sasa watoto wale ni watu wazima wenye mishahara, na kampuni ikaona ni wakati wa kuutengeneza upya kwa kifaa kipya cha mkononi, rangi tele na muziki wa nguvu, ili wauziwe utoto wao mara ya pili.

Kikwato alikuwa dubwana la arobaini na tatu, na alichechemea. Hatua tatu za kawaida, ya nne inakuja baadaye kidogo, bega likishuka. Shangazi alihangaika na mguu ule siku tatu, kwa sababu mdogo wake, wakati huo wa miaka kumi, alitembea hivyo hivyo, na watoto wa mtaani walimfuata nyuma wakimwiga. Siku moja alirudi nyumbani, akatupa begi la shule chini, akasema: "Dada, nichoree mmoja anayetembea kama mimi. Lakini asiwe wa kuonewa huruma. Awapige."

Basi Kikwato akawapiga. Mguu ulipochelewa, pigo nalo lilichelewa: mpinzani anainua ngao, ngao inashuka, ndipo pembe inafika. Wachezaji walimtafuta porini kama sindano iliyopotea. Wale wale waliokuwa wakimwiga mdogo wake wakaanza kugombania nani awe Kikwato.

"Ni mimi," alisema mjaribu mkuu, mwanamume mwenye ndevu waliyemwita Darubini kwa kuwa hakuna kosa lililompita. Alisema kwa fahari, masikini, akidhani anapongezwa. "Kasoro namba mia mbili na kumi na mbili. Iliwatoroka nyie wa zamani miaka yote hiyo. Mimi nimeikamata siku moja."

"Kasoro?"

"Mguu ulikuwa unachelewa, Shangazi."

"Ulitakiwa uchelewe! Macho unayo, kichwa umekiacha wapi?"

Hakungoja jibu. Alikwenda moja kwa moja kwa Bosi, mwanamke mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano ambaye bado alipewa kazi ya kumtii, akasukuma mlango bila kubisha.

"Shangazi, kaa kwanza."

"Sikai. Mrudishieni Kikwato mguu wake."

Bosi alishusha pumzi. Gemu limeshachapwa kiwandani, alisema, na ninyi wenyewe mmepewa maboksi ya kwanza jana. Wiki ijayo liko madukani.

"Basi tumeni rekebisho kwa mtandao, kama mnavyofanya siku zote."

"Rekebisho ni la kuondoa kasoro. Wewe unataka niirudishe. Halafu watu waseme tunawacheka walemavu?"

Damu ilimchemka Shangazi. Watu hawa! Wamemfuta anayechechemea ili wasionekane wanamcheka, kisha wanataka washukuriwe kwa adabu zao.

"Nani aliidhinisha?" aliuliza. "Nipe jina. Leo atanitambua."

Bosi akamgeuzia kompyuta. Namba 212. Mguu wa nyuma wa kushoto unachelewa. Sababu: haijulikani. Hali: imerekebishwa. Na chini kabisa, kwenye nafasi ya mwidhinishaji, palikuwa na jina la Shangazi, herufi kwa herufi, Ijumaa, saa kumi na moja na dakika mbili jioni.

Shangazi akakaa.

Kila Ijumaa orodha ya wiki ilimfikia yeye, mchoraji mkuu. Kasoro themanini, wakati mwingine mia, zote zimeshatengenezwa, zinangoja baraka zake tu. Juu yake palikuwa na kitufe kimoja: kubali zote. Ofisi nzima hakuna aliyesoma orodha yake. Unabonyeza, unakwenda nyumbani. Alikuwa amebonyeza hivyo miezi minane, mkono mmoja ukiwa tayari kwenye mkoba. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu mwenye nguo alikuwa anapiga kelele mtaa mzima akitafuta mdudu kwa majirani.

"Nilidhani unajua," Bosi alisema, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake hakikuwa mbali. Njia nzima Shangazi aliomba binti asiwe amempata Kikwato. Kabla hajavuka kizingiti alimsikia.

"Shangazi! Tumemkamata!" Mtoto alikuwa amejilaza juu ya marobota ya vitambaa, kifaa kimegusa pua. "Lakini Baba anasema siyo yeye."

Mdogo wake alikuwa akishona pindo la sketi ya shule. Hakumwamkia. Katika maisha yake yote hakuwahi kukosa kumwamkia dada yake.

"Nani kafanya?" aliuliza.

Jina la Darubini lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. La Bosi nalo lilikuwapo. Kila mmoja alikuwa na fungu lake la lawama, na lingemezeka vizuri kama uji.

"Mimi," Shangazi alisema. Akamweleza kitufe, Ijumaa, orodha.

"Hukusoma."

"Sikusoma."

Alisimamisha cherehani. "Afadhali ungesoma ukakubali. Ningejua dada yangu kabadilika, tungegombana yakaisha. Lakini hukuangalia! Nimetembea hivi tangu nizaliwe, dada. Watu wa kutoniangalia ninao mji mzima, sikuwa na shida ya mwingine."

Shangazi aliutua mkoba wake sakafuni.

"Waliandikaje?"

"Kwamba mguu unachelewa. Sababu haijulikani."

"Haijulikani!" Aliinuka, akaja upande wa dada yake wa meza, hatua tatu na ya nne, akasukuma vitambaa, mkasi na chaki kwa mkono mmoja hadi vikaanguka chini. Mtoto alishtuka akakaa. "Wewe unaijua. Kaa hapa uwaandikie. Sasa hivi, nikiona."

Shangazi alitoa kompyuta kwenye mkoba, akafungua fomu ya kasoro mpya. Akaandika: Kikwato anatembea sawa. Kwenye sababu akaandika: makosa ya kiofisi.

Kidole chenye vumbi la chaki kilitua juu ya kioo. "Futa."

Alifuta. Akaandika tena: Mchoraji mkuu aliidhinisha bila kusoma. Mguu unachelewa kwa sababu mdogo wangu anatembea hivyo, na aliniomba nimchore. Si mgonjwa na hakuomba kuponywa.

"Inakwenda kwa nani?"

"Kwa Bosi."

"Weka wote."

Wote walikuwa watu mia tatu na wenye kampuni juu yao. "Watanifukuza," Shangazi alisema.

"Huenda."

Alisubiri, amesimama nyuma yake, akihema kwa hasira. Shangazi akaweka wote, akatuma.

"Sasa atarudi kama zamani?" mtoto aliuliza. Baba yake aliinama, akaokota mkasi, akaokota chaki, akarudi kwenye kiti chake.

"Nenda kazini, dada," alisema.

Mlangoni Shangazi alisita, akidhani huenda ataitwa. Nyuma yake cherehani ikaanza tena.