Alovera ya Dirishani

Bibi Loisi alipokubali hatimaye kuhamia Msalato kwa bintiye Frida, aliwaacha ng'ombe kwa mdogo wake, akaja na mfuko wa nguo na paka mweusi aitwaye Chausiku. Mtoto wa jicho alikuwa amemfifishia macho yote mawili. Mchana kutwa Frida alikuwa kazini Mtumba, naye bibi alibaki akiongea na paka.

Frida alipenda mimea. Dirishani sebuleni alikuwa na chungu kikubwa cha alovera, ile aliyokuwa akijipaka usoni. Jumamosi moja asubuhi alikuta jani moja limetafunwa na Chausiku amelala chini ya meza, ametapika povu. Hakushtuka. Paka hula majani tumbo likimsumbua, alijisemea, akaenda sokoni.

Aliporudi, nyumba ilikuwa inanuka. Chausiku alikuwa anaharisha maji matupu, shingo imelegea kama kitambaa kilicholowa. Bibi Loisi alikuwa amempakata, kitenge chote kimechafuka, bakuli mkononi.

"Nimemkamulia alovera," alisema. "Kuku wangu niliwaponya kwa hiyo. Nampa tangu ulipotoka, ila anaitapika."

Frida alichukua simu. Ukurasa mmoja ulisema alovera ni dawa ya kila kitu. Mwingine ulisema ni sumu kwa paka. Alipochukua bakuli, mama yake alimsihi amwache amnyweshe kidogo tena, huenda safari hii ingekaa tumboni. Frida alikosa ujasiri wa kumweleza. Alisema tu waende kwa daktari.

Kwenye duka la kwanza la dawa za mifugo waliambiwa pale hushughulikiwa ng'ombe na mbuzi tu. La pili lilikuwa limefungwa. Ndani ya bajaji Chausiku aliacha hata kulia, na bibi akawa anampapasa kifua.

"Anapumua? Niambie wewe unayeona."

Mwishowe walielekezwa nyumbani kwa Bartolomayo, daktari wa mifugo. Aliuliza paka amekula nini. Bibi akawahi kujibu, akaeleza dawa yake yote, na jinsi alivyoikamua.

"Mama, hiyo alovera ndiyo inayomuumiza," daktari alisema taratibu. "Ule utomvu wa njano chini ya ganda ni sumu kwa paka. Paka si kuku."

Bibi Loisi alifuta viganja kwenye kitenge, akafuta tena, muda wote daktari alipokuwa akimdunga Chausiku maji chini ya ngozi. Daktari hakuahidi kitu. Alisema paka akitafuna kidogo kwa kawaida hupona, lakini huyu alikuwa amenyweshwa, na mwili umemkauka.

Siku zilizofuata bibi alikataa chakula, na hakutaka kumgusa paka. Frida alimwambia kosa ni lake, chungu kilikuwa chake.

"Aliyemnywesha ni nani?" mama yake aliuliza.

Frida alibeba chungu, akampa jirani asiyefuga paka.

Jumatano Chausiku alisimama, miguu ikiyumba, akalamba maji. Kisha alijikokota hadi penye kigoda cha bibi, akapanda mapajani. Bibi Loisi aliinua mikono juu, asijue aiweke wapi.

"Mwondoe," alimwambia Frida, sauti ikikatika.

Frida hakumwondoa.