Jua Lililowahi Dirishani

Siku ya nane baada ya tetemeko lile kubwa, mama alimpigia simu bintiye kazini na kumwambia kwamba jua limeanza kuwahi.

"Linawahi wapi, mama?"

"Hapa kwangu. Saa tatu kamili linakuwa limeshapita alama kwa vidole vinne. Nimepima siku tatu mfululizo, usije ukadhani nimechanganyikiwa."

Binti alikuwa mbele ya kompyuta, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Kazi yake ilikuwa kupima mzunguko wa dunia. Nje ya ofisi yao palisimama sahani kubwa ya chuma iliyoelekezwa angani, ikisikiliza minong'ono ya redio kutoka kwenye nuru za mbali mno, zisizoonekana kusogea hata kidogo. Kwa minong'ono hiyo walijua dunia imegeuka kiasi gani tangu jana. Tetemeko lilipiga ng'ambo ya bahari. Hapa hata chai kikombeni haikutikisika. Lakini kule mwamba mrefu kama nchi nzima ulikuwa umeteleza chini ya mwingine, na binti alikesha akipiga hesabu hadi akapata jibu: siku ya dunia imepungua kwa sehemu moja na nusu kati ya sehemu milioni za sekunde. Mkuu wa kituo alimpigia makofi. Redio ikalisoma jibu lake. Mama naye, masikini, alikuwa anasikiliza redio.

Jumamosi asubuhi akapanda basi kwenda kwa mama.

Mama alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Jicho, kwa sababu aliweza kukutazama unapoingia mlangoni akakwambia kiuno kimeongezeka nusu inchi. Cherehani yake ilikaa karibu na dirisha la mashariki. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akichora vijistari vya rangi kwenye sakafu, kimoja kwa kila wiki ya mwaka, kuonyesha ukingo wa mwanga unafika wapi saa tatu ya asubuhi. Ndivyo alivyojua mahali pa kusogeza meza ili atunge uzi bila miwani.

"Karibu, Kitinda," alisema, maana huyu alikuwa mziwanda wake. "Umekonda. Kaa, usikanyage mstari."

Saa ya ukutani ilipogonga tatu, wote wawili waliinama. Vumbi lilielea ndani ya mwanga polepole, kana kwamba chumba kimezamishwa majini. Mama akaweka futi yake ya kitambaa sakafuni. Vidole vinne, hakuna ubishi.

"Si ulisema mwenyewe redioni kwamba siku imepungua?"

"Nilisema, mama. Lakini imepungua kiasi ambacho hakuna jicho linaloweza kukiona. Hata sahani yetu haikioni. Tumekipata kwa hesabu tu. Upepo ukivuma vizuri wiki moja unaibadilisha siku zaidi ya hivyo."

"Sasa imepunguaje?"

Binti akatazama huku na huku. Pembeni kulikuwa na kiti cha kuzunguka, ambacho mama alikinunua ofisi moja ilipohama. Akaleta pakiti mbili za unga kutoka jikoni.

"Kaa hapa. Shika moja kila mkono, unyooshe mikono."

"Nikianguka, nani atamalizia gauni la bibi harusi?"

"Huanguki."

Akamzungusha. Mama akaenda taratibu, mikono imenyooka, kanga ikimfuata nyuma. Dirisha likapita, kabati likapita, uso wa bintiye ukapita.

"Sasa kunja mikono, vuta unga kifuani."

Mama akakunja, na kiti kikaongeza kasi chenyewe, bila mtu kukigusa. Akafumba macho. Akacheka kicheko ambacho binti hakuwa amekisikia tangu msiba wa baba, kicheko chembamba cha msichana aliyeko juu ya bembea.

"Ndivyo ilivyofanya dunia," binti alisema. "Mwamba ulishuka, uzito ukasogea ndani kidogo. Hebu nyoosha mkono mmoja tu."

Kiti kikaanza kuyumba. "Inalevya," mama akasema, macho bado kayafumba.

"Na hilo pia limetokea. Mstari ambao uzito wa dunia umejipanga kuuzunguka umehama kama shubiri moja. Dunia inayumba tofauti kidogo sana. Lakini inavyoinama mbele ya jua haikuguswa. Misimu itakuja kama ilivyozoea."

Kiti kikasimama. Mama alibaki amekumbatia unga, chumba kikiendelea kumzunguka kichwani. "Basi vidole vyangu vinne vimetoka wapi?"

Hapo ndipo binti alipotoa simu na kuitazama saa ya ukutani. Saa ilikuwa nyuma kwa dakika tisa.

"Mama, saa yako inachelewa."

"Haichelewi. Niliisimamisha." Aliweka unga chini. "Siku ile redio ilipoanza kusoma idadi ya waliokufa. Walisema mji mmoja, wakasema mwingine, na saa ile inapiga tu, ta, ta, ta, kana kwamba hakuna kitu. Nikaona si adabu. Nikafungua kijimlango, nikaushika ule ulimi unaobembea mpaka walipomaliza kusoma. Halafu nikauachia. Sikufikiri ni muda mrefu."

Siku ile ile, wakati ule ule, binti alikuwa anashangilia tarakimu. Idadi ya waliokufa ilipita chini ya kioo cha kompyuta yake kama tangazo, naye aliifunga ili ajaze jedwali. Siku zote hizo alikuwa ameujua uzito wa ule mwamba bila kumkumbuka mtu hata mmoja aliyekuwa juu yake. Akakaa sakafuni, juu ya mistari, na machozi yakamtoka bila sauti.

Mama alimpa kipande cha kitambaa cha gauni ajifutie.

"Niirekebishe saa?" binti aliuliza baadaye.

"Irekebishe, nina wateja. Kuna mtu nimemwahidi saa tano."

"Kwanza niishike kidogo. Mimi sijafanya hivyo kwa wale waliokufa."

Akafungua kijimlango, akaushika ulimi wa shaba kwa vidole viwili. Ulikuwa wa baridi na mwepesi kuliko alivyodhani. Chumba kikanyamaza. Mama alikuja akasimama karibu naye, bega kwa bega, na kwa muda ambao hakuna aliyeupima walisikiliza mtaa: maji yakijaa ndoo, mlango wa mtu, redio ya mbali. Kisha binti akausukuma ulimi, akapeleka mshale mbele mahali pake.

Alilala kitandani kwa mama, usingizi wake wa kwanza mzito tangu tetemeko. Alipozinduka, mteja wa saa tano alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kainyoosha pande zote mbili, na mama akimzunguka na futi, akimwambia asihangaike, atulie tu hivyohivyo.