Kafunjo Haimo Kwenye Karatasi

Foleni ilikuwa imeshapangwa kabla Ambroise hajazima injini. Wanawake mbele, wazee nyuma yao, wote wameketi chini kwa adabu, na kila mmoja ameshika jetoni yake, ile kadi ya msaada iliyochakaa waliyopewa miaka ya kukimbia vita.

"Papa Ambroise," Sandrine alinong'ona kutoka kiti cha nyuma, "hawa bako nangoja nini?"

"Mafuta na maharagi, Madame. Jeep nyeupe ikifika kwa kijiji, njo vile."

Kilikuwa kijiji cha tatu kuwapokea hivyo tangu walipotoka Boga asubuhi. Sandrine, binti wa wauza vitenge wa mtaa wa Rwambuzi, mjini Bunia, alitumwa na ofisi ya utalii kuandika njia moja nzuri ya kutembeza wageni kwa gari: kutoka Bunia mpaka Boga, kisha kushuka kwenye vijiji vya kale vya mabwawa ya Semliki. Amani ilikuwa imefika, ingawa bado ilinyata kama paka aliyewahi kumwagiwa maji ya moto, na wakubwa waliona afadhali iandaliwe karatasi mapema. Karatasi ilikuwa na majina saba, na mbele ya kila jina nafasi ya kujaza: kitu cha kuona.

Ambroise akashuka, akavua kofia. "Ba mama, mutusamehe. Hatukuleta kitu. Tunakuja kuangalia tu."

"Kuangalia nini?" bibi mmoja aliuliza. "Makaburi balishaangalia. Balipiga na picha."

"Kuangalia fasi yenu, kijiji yenu. Iko muzuri."

Bibi akageuka kutazama nyuma yake, labda kuna kitu kimeongezwa asubuhi hiyo bila yeye kuambiwa. Hakukiona. Mkono mtupu haulambwi; foleni ikavunjika, watu wakarudi mashambani wakicheka. Sandrine akaandika "kanisa la matofali, mlango wa zamani", na karatasi ikawa imejaa.

Sasa au basi, Ambroise alijiambia. Alikuwa amelibeba neno hili tangu Bunia, kilomita zote zile.

"Madame, iko fasi moja tena. Haiko ku karatasi. Inaitwa Kafunjo."

"Iko na nini? Kanisa?"

"Iliungua."

"Nyumba ya ukoloni, ya Babelgi?"

"Babelgi hawakujenga pale. Maji ni mingi."

"Sasa niandike nini, Papa?"

"Tufike kwanza."

Akamtazama Sandrine kwenye kioo. Ambroise hakuwa mtu wa kuomba. Binti akaangalia saa. "Saa moja tu."

Kafunjo ni kwao Ambroise. Miaka ishirini na sita alikuwa ameshika usukani wa watu wengine. Alibeba masista, alibeba madaktari, alibeba wanajeshi wa nchi ambazo hawezi hata kuzitaja. Kila mmoja alisema twende huku, akaenda huku. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia, Ambroise, nipeleke kwenu. Aliwahi kuona Kafunjo imeandikwa mara moja tu, kwenye orodha ya vijiji vilivyochomwa. Alitaka iandikwe kwenye orodha nyingine kabla hajafa. Ndiyo haja yake yote, na ilimuuma kama jino.

Barabara iliishia pale nchi kavu inapokata tamaa na kuyaachia maji. Mafunjo yalisimama marefu kuliko mtu, na kati yao mifereji ya maji meusi ilijipinda kwenda isikojulikana. Huko nako, chini ya jua, foleni tayari. Wa kwanza mbele kabisa alikuwa dada yake mkubwa, Anastasie.

"Yaya, ni miye."

"Najua ni weye. Unaleta nini?"

"Ninaleta mugeni."

"Mugeni haliwi," alisema Anastasie, lakini alikuwa amekwisha kumkumbatia.

Kapita, mkubwa wa kijiji, mzee Marcellin, akatokea akifunga vifungo vya koti. Hakuuliza mgeni anataka nini. Akamshika Sandrine mkono na kumpeleka moja kwa moja mahali shule ilipoungua. Kisha akampeleka kwenye msalaba uliopakwa chokaa, ambapo watu thelathini na mmoja walilazwa kaburi moja. Alisema hesabu, alisema tarehe, kisha akasogea pembeni kidogo.

"Hapa njo banapenda kusimama," alieleza kwa upole. "Picha inatoka muzuri."

Sandrine hakutoa simu. Alifunga kalamu yake. "Pole, muzee," alisema. Akamgeukia Ambroise. "Papa, siwezi kuleta batu kuangalia hii. Twende tu."

Wawili kati ya wale thelathini na mmoja walikuwa watoto wa Ambroise. Hakuhitaji msalaba kuwakumbuka. Aliona aibu, kisha akaona hasira, na hasira haikuwa juu ya Marcellin wala Sandrine. Kijiji kizima kilikuwa kimejifunza kuonyesha kidonda, kwa kuwa kwa muda mrefu hakuna aliyekuja kuuliza kingine.

"Muzee Marcellin!" Sauti yake ilimshtua hata yeye. "Huyu hakukuja kuhesabu batu balikufa. Mumuzungushe kama mukwe!"

Waliokuwa kwenye foleni wakasogea karibu.

Zamani, mtu akija kuposa Kafunjo, hakupewa chakula kwanza. Watu wa upande wake walipandishwa mtumbwini na kuzungushwa mifereji yote, nyumba hadi nyumba, waone binti anaondoka mahali pa namna gani, wajue wana deni la kumtunza. Baada ya vita mabinti waliolewa kambini, kwenye mahema, na hakukuwa na cha kumzungusha mtu. Mitumbwi ilibaki ya samaki tu.

Anastasie ndiye aliyeanza kucheka. "Na bwana-harusi ni nani? Ni weye na mvi zako?" Akaisukuma jetoni ndani ya mkunjo wa kitenge, akajifunga kiuno vizuri. "Mulete pirogi. Ile haivuje."

Wakapanda mtumbwini wanne. Marcellin alisimama nyuma na pondo, koti na vyote, Anastasie akakaa mbele, na Ambroise katikati na mgeni. Hakujua aiweke wapi mikono yake. Mara nyingine mguu wake wa kulia ulikanyaga chini kutafuta breki. Mafunjo yakafunga nyuma yao, hewa ikapoa, na vichwa vya mimea vikajaa kwera wanaosuka viota kwa makelele.

"Hapa ni kwa ba Léonie," Anastasie alitangaza kwa sauti ya sherehe. "Kambare yabo ya moshi haina muchanga hata kidogo. Hapa ni kwa Donatien. Alichonga pirogi akiwa amelewa, inapinda, lakini haijazamisha mutu. Hapa mama yetu alizaa Ambroise. Alitoka miguu mbele. Njo maana anapenda barabara."

Sandrine alicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Mayungiyungi yalikuwa wazi, meupe, na kwenye kila gati palisimama mtu aliyesikia habari, akapunga mkono bila kushika kadi yoyote. Léonie mwenyewe akatupa samaki aliyefungwa kwenye jani, akamwangukia mgeni mapajani. Ambroise akageuza uso upande wa maji. Alikuwa analia, na alikuwa na furaha kubwa, na hakutaka kuulizwa ni lipi.

Walipotia nanga, ile saa moja ilikuwa imekuwa tatu. Sandrine akatandaza karatasi juu ya boneti na chini ya majina saba akaandika: Kafunjo. Ambroise akasimama nyuma ya bega lake, akasoma herufi moja moja.

"Siwezi kuahidi, Papa. Bakubwa ku ofisi banaweza kuifuta."

"Nasikia."

"Na kitu ya kuona? Niandike nini?" Sandrine alimuuliza Anastasie.

Anastasie akafikiri. "Andika bageni bakuje na njala."

Akaandika hivyo hivyo.

"Batafika siku gani?" Marcellin aliuliza.

"Sijui, muzee. Labda mwaka kesho. Labda mwaka ingine tena."

"Mwaka kesho ni karibu," alisema mzee, akavua koti na kumpa mtu amshikie.

Ambroise alipogeuza gari, aliwakuta Marcellin na Anastasie wako mbele yake barabarani na majembe, wameinama, mmoja kwenye alama ya tairi la kushoto, mwingine ya kulia, wakikwatua majani yaliyoota njiani. Nyuma yao wengine walikuwa wanakuja na mapanga. Angeweza kupiga honi. Boga ilikuwa mbali. Akaweka gia ya kwanza, akawafuata polepole, kwa mwendo wa jembe.