Vyuma vya Nyamoita

Mzungu wa Nyansiongo alipofunga virago kurudi kwao, aliacha ghalani boti ya mpira aliyokuwa akivulia samaki bwawani. Panya wakaitafuna kwa miaka mitano. Momanyi, fundi baiskeli aliyegawiwa kipande cha shamba hilo, hakuwa na haja nayo hadi mvua za mwaka wa sitini na nane zilipozoa daraja la magogo, na bwawa likafurika hadi kwenye mahindi. Kwenda ng'ambo kukawa mwendo wa kutwa nzima, kuzunguka vilima. Hapo ndipo Momanyi alipoikumbuka boti. Mwenye mkono wa birika hakubali mvua inyeshe bure.

Mama yake, Nyamoita, ndiye aliyemsaidia kazi. Walijaza boti upepo kwa pampu ya baiskeli, wakabadilishana zamu mpaka mikono ikafa ganzi. Mama akaimwagia maji ya sabuni, na kila palipochemka povu Momanyi akatia alama ya chaki. Akasugua kwa msasa, akapaka solusheni, akabandika kiraka cha tyubu kuukuu ya lori. Viraka vilikuwa vingi hata watu wakasema boti ile ina ndui. Sakafu akaitandika mbao za masanduku ya chai, makasia akayachonga kwa mkaratusi.

Kilichomshinda ni mahali pa kupitishia makasia. Pete za mzungu zilikuwa zimeoza. Kamba zilikatika kabla hajafika katikati, na waya wa seng'enge ulikata kila ulichogusa.

"Nikipata pete za chuma kizito, cha mviringo, nne tu," alisema, "boti hii itafika hata Kisumu."

Baadaye Nyamoita alikumbuka macho ya mwanawe yalikuwa wapi aliposema hivyo.

Kwa maana Nyamoita alikuwa na vyuma. Vilikuwa viwili mguu huu na viwili mguu huu, ebitinge, vikuku vizito alivyovishwa siku ya ndoa yake na Angwenyi, mbele ya koo zote mbili. Mwanamke wa Kisii wa zamani hakuvivua hivyo ila siku mumewe amekufa. Kuvivua mume angali hai ni kumzika akipumua. Angwenyi alikwisha kumwacha miaka kumi na mmoja, akahamia ng'ambo kwa Orpah, msichana wa kanisani asiyejua chuma mguuni. Wasabato walimwambia Nyamoita mara tatu avikate abatizwe. Mara tatu alikataa, akabaki nje ya kanisa na vyuma vyake, akivisugua kwa majivu kila Ijumaa. Walimcheka. Na wacheke.

Asubuhi moja sauti ilivuka maji. Alikuwa Obura, mtu wa ziwani, karani wa kituo cha maziwa cha ng'ambo.

"Mama Nyamoita! Mzee amezidiwa! Tangu jana anakutaja jina!"

Nyamoita aliketi chini palepale. Miaka kumi na mmoja hakulisikia jina lake kinywani mwa mtu yule. Hakutaka shamba, hakutaka ng'ombe. Alitaka kufika kabla pumzi haijakatika, asimame pale kama mke, na aitwe.

"Nivushe, mwanangu."

Momanyi alijikuna kidevu. "Na hivyo vyuma? Vitanipasulia mpira katikati ya maji, tufe wawili. Nimekaa siku tisa nikiziba mashimo, mama."

"Nitakaa vizuri. Nitainua miguu."

"Utainua miguu mpaka ng'ambo, na umri huo? Chagua. Vyuma au mzee."

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Huyu ndiye kitinda mimba aliyemnyonyesha hadi akaota magego, hakuwahi kumnyima kitu, na hata sasa hakujua kumnyima. Aliweka mguu juu ya gogo. Momanyi alikwisha kuushika msumeno wa chuma, kana kwamba aliulaza karibu tangu asubuhi. Kazi ilichukua muda mrefu. Msumeno ulipoteleza ulikula nyama, naye Nyamoita aliuma kanga yake asipige kelele. Chuma cha nne kilipoanguka alihisi miguu myepesi, akaona aibu kama aliyevuliwa nguo sokoni.

"Nipe nivifunge kwenye kanga."

"Wacha, nitakuwekea," alisema Momanyi. "Nenda kaoshe damu, ni nyingi. Ukinichafulia mbao utazisugua wewe."

Aliporudi boti ilikuwa majini. Vyuma viwili vilikuwa vimebanwa ubavuni kwa mikanda ya tyubu, makasia yamepita ndani yake. Viwili vingine vimeshika kamba, mbele na nyuma.

"Umefanya nini?"

"Si umeshavivua? Ingia, mzee anakungoja."

Aliingia. Angefanya nini tena?

Nyumba ya Orpah ilijaa watu. Angwenyi alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yake. Yalimtambua mlangoni, na midomo ikafunguka.

"Nyamoita," alisema. "Mke wangu. Hawa wote walisema hutakuja."

Ndicho alichokijia. Alipiga hatua kumwendea, na macho ya mzee yakashuka, kama macho ya mwanamume wa rika lake yashukavyo, kutazama miguu. Penye vyuma palikuwa na ngozi laini, nyeupe, yenye mistari ya damu.

"Umenizika lini?"

"Ni boti, Baba Momanyi. Ya mpira. Mtoto alisema..."

"Nimekuuliza umenizika lini." Alijigeuzia ukutani. "Orpah, mtoe huyu. Mimi sina mke mwingine."

Orpah alimtoa. Hakumsukuma, alimshika kiwiko kwa upole wa mtu aliyeshinda, akafunga mlango.

Ufukoni Obura alikuwa anangoja kuvuka, amebeba jembe la plau begani, jipya, ncha inang'aa. Momanyi hakulitazama mara mbili.

"Lifunge kwa gunia hilo, bwana, ingia tukawahi."

Obura alilizungusha gunia mara mbili, akalifunga kwa kamba na kulilaza juu ya mbao. Boti haikulalamika.

Nyamoita alilitazama gunia lile. Alilijua, alilifuma mwenyewe kwa katani.

"Momanyi. Gunia hili lilikuwa humu asubuhi?"

"Lilikuwa humu. Nilikuwa nimelikalia."

"Na miguu yangu?"

"Sasa mama, pete ningezitoa wapi?"

Hakuona haya. Alisukuma boti, akaanza kupiga makasia, nayo yakaenda vizuri ajabu, hayakwaruzi, hayakwami, hata Obura akamsifu fundi.

Walipofika katikati, kilio kiliinuka nyuma yao, kwanza sauti moja ya mwanamke, kisha nyingi. Angwenyi alikuwa ameondoka. Saa ile wanawake wa ukoo wangemketisha Nyamoita kwenye kigoda, wamvue vyuma mbele za watu, na kila mtu angejua mjane ni nani. Alipeleka mkono ubavuni akakishika chuma kimoja, akakikaza kwa vidole vyote.

"Toa mkono, mama," alisema Momanyi. "Unanizuilia kasia."