Unga Uliokataa Kubadilika Rangi

"Gusa tena," alisema Sista Dafroza. "Ni moto au si moto?"

Novatus hakugusa. Alikuwa akiitazama sahani ya bati aliyoitoa sasa hivi ndani ya oveni. Juu yake alikuwa ametandaza kijiko kimoja cha unga wa ngano. Ulikaa ndani nusu saa, swichi ikiwa kwenye nyuzi mia na sitini, na bado ulikuwa mweupe pe.

"Ni moto, Sista. Lakini mia na sitini haifiki. Ingefika, unga ungekuwa na rangi ya chai ya maziwa."

Miaka kumi na mmoja alimpikia daktari katika nyumba hii ya misheni, huku Ngara. Sasa daktari alikuwa Bukoba akitibu majeruhi wa vita, na mtambo wa hospitali wa kuchemshia vyombo kwa mvuke ulikuwa umepakiwa kwenye lori la jeshi ukamfuata. Iliyobaki ni oveni ya nyumbani, na Sista akaamua kuwa humo ndimo vitakamochomewa visu na mikasi ya upasuaji ili kuua vijidudu. Mpishi hakuulizwa. Nani humuuliza mpishi?

Barazani, juu ya machela ya matete, alilala Nyirabahizi, mjamzito aliyebebwa tangu alfajiri kutoka Keza. Mtoto alikuwa amekaa mkingamo tumboni, hatoki bila upasuaji, na Yahaya, mganga msaidizi, alikuwa ameshanawa mikono. Dizeli ya jenereta iliyobaki ilitosha saa tatu tu. Vyombo vilihitaji saa mbili za moto wa kweli, na unga ulikwishakula nusu saa.

"Basi swichi imeharibika," Sista alisema. "Tuipandishe tu."

"Tukibahatisha, Sista, hatutajua." Novatus aliweka sahani chini. "Swichi ni nzima. Mimi ndiye niliyeharibu."

Akainama, akamwonyesha. Ndani kabisa kulikuwa na kijiti cha shaba kinachopima joto. Kilipaswa kushikwa ukutani na kibanio. Pasaka ya mwaka jana, akisugua mafuta ya nguruwe yaliyoungua, alikivunja kibanio. Tangu hapo kijiti kililalia koili yenyewe, waya unaotoa moto, kikaungua peke yake, kikadhani oveni nzima imeiva, kikakata moto. Novatus aliogopa kusema. Akawa anaweka swichi kwenye mia mbili na hamsini, mikate ikaumuka vizuri, daktari akaisifu, naye akaitikia sifa.

"Pasaka," Sista alirudia polepole. "Na Theodosia tumemzika Ijumaa."

Mshono wa Theodosia, aliyepasuliwa kwa vyombo vilivyotoka oveni hii, ulioza. Wakashuku uzi, wakashuku maji, Yahaya akashuku mikono yake mwenyewe hata akashindwa kula. Novatus alikuwepo makaburini, akatupa udongo kama wengine, na wakati huo alikuwa ameanza kuelewa. Alinyamaza. Ilikuwa miezi ya vita, na kule Lusahunga mtunza ghala alichukuliwa kwa Landrova kwa sababu ya pipa moja la mafuta ya taa. Mhujumu, walisema. Hajarudi.

"Utamwambia mwenyekiti wa kijiji, Sista?"

"Tengeneza kwanza."

Wakazima oveni. Novatus alichomoa waya kwenye ndoo ya zamani, akaingiza mkono kabla chuma hakijapoa, akakifunga kijiti ukutani, mbali na koili. Ngozi ya kiganja ilibaki humo. Hakulia; aliona aibu kulia. Sista akaweka sahani nyingine ya unga, akawasha, nao wakasubiri, jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba. Baada ya dakika ishirini na tano, unga ulikuwa umeanza kugeuka rangi.

Sista aliingiza vyombo. Alitazama saa ya kifuani, midomo ikihesabu.

"Dizeli itatosha?" aliuliza Novatus.

"Sijui."

Mlango wa oveni ulikuwa umelegea bawaba, ukivujisha joto juu. Novatus alikunja gunia, akalibana pale kwa mkono ule ule ulioungua, akaegemea kwa uzito wake wote.

Dirishani akatokea mwanamume mwenye matope hadi magotini, mume wa Nyirabahizi. Alikuwa amesikia kwamba humu ndani kuna mzee anayehangaika kwa ajili ya mke wake. Akavua kofia.

"Shikamoo, mzee," alisema kwa lafudhi ya kwao. "Tunawashukulu sana."

Novatus alifungua kinywa kuitikia, kama alivyoitikia sifa za mikate. Barazani Nyirabahizi alipiga kelele, na jenereta ikakohoa mara moja, ikaendelea.