Droo ya Tabia

Baba yangu alitetemeka mikono kwa miaka minne kabla ya kufa. Kwenye fishi, karatasi yake ya matibabu ya hospitali ya mgodi alikofanya kazi, waliandika neno moja: mlevi. Baba, mtu wa sakristia, ambaye hakuonja pombe ya lutuku hata siku ya ndoa yake! Ilikuwa mwaka 1974. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na lile neno naliona mpaka leo, wino wa buluu, mistari miwili chini yake. Walioliandika walizeeka vizuri. Mimi sisahau.

Niliingia hospitali hii ya Lubumbashi na ufagio. Chumba cha maandiko ya madaktari nilikifagia miaka saba, na kazi ya kupanga nikajifundisha mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada. Kila utafiti naupa kichwa: Sumu, Mimba, Mapafu, Tabia. Daktari akitafuta, anataja kichwa, namletea. Kadi za kuandikia vichwa zilikuwa chache, kwa hiyo niliweka sheria: karatasi moja, nyumba moja, yaani kila utafiti kichwa kimoja tu. Aliyeweka mbili nilimfokea. Kompyuta ilipokuja, ilinakili droo zangu jinsi zilivyo, na sheria yangu ndani yake.

Jumatatu binti yangu Léa alikuja kutoka mtaa wa Ruashi, mimba ya miezi saba. Alikaa kwenye kiti changu bila kuniomba, jambo asilolifanya kamwe.

— Papa, docteur aliandika ile siku asema hii ugonjwa yangu ni juu ya kula udongo. Asema niache, nirudi kisha mwezi.

— Unakulaka pemba, ile udongo?

— Mi? Hata kuinusa! Si pemba, papa. Ni manguo ya bwana yangu Dieumerci. Anatoka nayo ku mine, minaifula kila siku, maji inageuka sawa chai.

— Na mutoto?

Aliweka mkono tumboni, akangoja kidogo, kama mtu aliyebisha mlango.

— Juzi alicheza. Leo analala tu.

Nilimwambia asitoke pale. Nikavuka uwanja mpaka maternité, wodi ya wazazi, kwa docteur Claudine aliyeandika yale.

— Papa Lucien, usinikasirikie, — alisema kabla sijafungua kinywa. — Nilitafuta. Niliandika Sumu, nikaandika Mimba, mu machine yako. Juu ya Ruashi ikaniambia zéro. Sasa nifanye nini? Bamama ba Ruashi banakulaka pemba, shi unajua.

— Ulimuuliza yeye?

Alitazama kalamu yake.

Zéro! Nilirudi mbio, nami si mtu wa mbio tena. Maana njiani nilikumbuka. Miaka sita iliyopita docteur Nkandu aliniletea kurasa thelathini juu ya damu ya wanawake wajawazito wa Ruashi. Aliniambia, «Mzee, hii usiipoteze.» Siku ile kikapu cha karatasi za kupanga kilikuwa kimejaa. Jina la utafiti lilitaja wanawake wanaokula udongo, nikasoma jina tu.

Niliifungua droo ya Tabia. Ilikuwapo, katikati ya wavutao tumbaku na watoto wanaokojoa kitandani. Ukurasa wa ishirini na mbili ulisema hivi: hata wanawake ambao hawakutia udongo kinywani walikuwa na metali ya sumu katika damu, sawa na waliokula. Vumbi la mgodini liliingia nyumbani na nguo za waume. Mimba zao zisikilizwe kila wiki, tangu mwezi wa tano.

Kila wiki. Léa aliambiwa arudi baada ya mwezi.

Nilichimba zaidi. Karatasi nyingine kumi na moja za Ruashi na Katuba zilikuwa mle, na kwa kichwa cha Tabia kila moja ilimlaumu mama. Mwandiko wa kila kichwa ulikuwa wangu.

Donat, mkuu wa chumba, ndiye mwenye ufunguo wa kompyuta.

— Hamisha hizi, — nilimwambia. — Leo. Sumu na Mimba, zote mbili.

— Zote mbili? — Akacheka mpaka akashika meza. — Vieux! Na ile règle? «Karatasi moya, nyumba moya!» Si we ulitupigiaka nayo makelele?

— Ni mimi.

— Basi andika barua. Réunion ya bakubwa iko mwezi unaokuya.

Nilichana ukurasa wa ishirini na mbili mbele ya macho yake. Karatasi ya hospitali, mimi, niliyewafukuza watu kwa kukunja kona. Nikamshika Léa mkono, tukavuka uwanja. Alitembea polepole.

Docteur Claudine alisoma amesimama. Alisoma tena.

— Hii iko mu nyumba tangu lini?

— Miaka sita.

Alimlaza Léa, akaweka ile tarumbeta ndogo ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto juu ya tumbo, akainamisha sikio. Nje mtu aliburuta ndoo. Alihamisha tarumbeta kushoto. Akaihamisha chini. Akairudisha pale alipoanzia, akafunga macho.

— Docteur, unasikia? — Léa aliuliza.

Docteur Claudine aliinuka, akavuta fishi, akafuta kwa mistari miwili yale maneno juu ya udongo. Kalamu ilibaki hewani juu ya mstari wa Sababu.

— Papa Lucien, — alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama binti yangu. — Niandike nini?

— Andika vumbi ya mine, — nilisema. — Kisha chini yake andika jina yangu.

— Docteur, — Léa alisema tena. — Unasikia?