Mtandao Ulipopita Mferejini

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, kama saa nne asubuhi, Hennu alikuwa amechuchumaa kando ya mfereji akiosha sufu ya watu. Ilikuwa sufu ya kondoo saba wa Ba Haddu, na alikuwa amefika kwa kondoo wa nne, mchafu kuliko wenzake wote, begi la shule la binti yake lilipoanza kuongea juu ya jiwe. Liliongea Kiarabu safi, kwa sauti ya mwanamke aliyelala vizuri na kunywa chai: "Karibuni katika somo la kwanza." Hennu alikamua sufu, akajifuta mikono, akafungua begi. Kishikwambi cha serikali, ambacho tangu kifike kilikuwa kikitumika kama kioo cha kujitazamia, kilikuwa kimewaka.

"Tuda!" aliita. "Njoo, mwalimu wako wa kwenye kioo amekuja."

Tuda, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa juu kidogo akiokota kuni, kwa kuwa darasa la sita liliingia mchana. Akashuka, akakaa kwenye jiwe, akasikiliza somo la kwanza mpaka mwisho huku miguu yake ikining'inia juu ya maji. Hennu aliendelea na kondoo wa tano.

Vishikwambi kumi na moja vilikuwa vimeletwa mwezi wa kwanza na gari la ofisi ya elimu, pamoja na hotuba. Paa la shule lilikuwa na sola, kwa hiyo chaji ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtandao, na yule bwana wa hotuba aliahidi kwamba ungefuata. Hakusema uongo. Ulifuata, ila ulifuata mfereji, ukishuka na maji ya theluji kutoka mlimani, ukapita bustani za matofaa na mashamba ya shayiri, ukaishia kwenye mawe chini ya kijiji ambako maji yenyewe huishia.

Lalla Nezha, mwalimu pekee wa shule ile, binti wa mjini aliyekuja kwa mwaka mmoja na sasa ulikuwa wa tano, alitembea na kishikwambi chake kando ya mfereji kutoka juu hadi chini. Mguu mmoja majini, mtandao umejaa. Hatua mbili pembeni, hamna kitu. Maji yakifungwa, mtandao nao umekauka. Aliandika kwenye ripoti yake ya mwezi kwamba mtandao unapatikana na kwamba ni wa maji, kisha akawapeleka wanafunzi wake kumi na mmoja kukaa ukingoni.

Siku nne zilipita vizuri. Tuda alimaliza masomo matatu. Alihitaji arobaini kabla mwezi wa sita haujaisha, kwa sababu mwaka ule orodha ya watakaokwenda sekondari ya mjini, pamoja na nafasi za bweni la wasichana, ingetolewa na mashine, na mashine ilihesabu masomo. Sekondari ilikuwa mbali, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Msichana asiyepata bweni alibaki nyumbani, na kubaki nyumbani Hennu alikujua vilivyo, maana ndiko alikokuwa amebaki maisha yake yote. Ndiyo maana kila jioni alimuuliza binti yake, "Umefika la ngapi?" na kila jioni aliitazama ile namba kwenye kioo, japo hakujua kusoma.

Siku ya tano baraza likakaa. Kitu kinachopita mferejini ni cha mfereji, na mfereji una zamu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mababu: kila nyumba ina hisa yake ya maji kulingana na shamba lake, na hisa hupimwa kwa bakuli la shaba lenye tundu dogo chini. Bakuli huwekwa kwenye beseni la maji, hujaa taratibu, huzama. Likizama, umekula bakuli moja. Mwenye shamba kubwa ana mabakuli ishirini, mwenye shamba dogo ana matatu. Ba Haddu, msimamizi wa maji, alipima kwa bakuli hilo kwa miaka thelathini na hakuwahi kumwonea mtu hata tone. Sasa angepima na mtandao.

Baraza lilikaa nyumbani kwa Ba Haddu, na Hennu alikuwa mlangoni siku hiyo, amekuja kurudisha sufu. Mumewe alikuwa mgeni kutoka ng'ambo ya mlima, mchungaji wa kondoo wa watu, aliyekufa kwa kuanguka kutoka kwenye mti wa jozi wa mtu mwingine, akimvunia. Hakuacha shamba. Hakuacha hata bakuli moja.

"Na Tuda?" Lalla Nezha aliuliza. "Mnampa ngapi?"

Mmoja wa wanaume wa baraza, Moha, mwenye matofaa mengi na mdomo mwepesi, akacheka. "Mwalimu, hata wewe huna. Babu yangu alitoa kiwanja cha shule, maji hakutoa. Shule haina zamu."

"Simwombei maji. Namwombea masomo."

"Ndiyo hayo hayo. Yanapita pamoja."

Ba Haddu alimwona Hennu pale mlangoni na uso wake ukaingiwa na huruma ya kweli, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Hennu, mwanangu, siyo roho mbaya hii. Leo nikimpa mtoto bakuli moja la mtandao, kesho mtu atasema na maji yalipita humo humo. Keshokutwa una hisa bila shamba, na kila mchungaji atataka yake. Mfereji utakufa."

"Nimeelewa, Ba Haddu," alisema Hennu. "Sufu yako hii. Kondoo wa nne alikuwa na kupe."

Tangu asubuhi iliyofuata mtandao ulifuata uamuzi wa baraza. Zamu ya nyumba ya Moha ilipoanza, kishikwambi cha mtoto wa Moha kiliwaka na vingine kumi vikazima. Bakuli la mwisho lilipozama, kilizima katikati ya neno, kikawaka cha nyumba inayofuata. Kishikwambi cha Tuda hakikuwaka tena. Kilibaki na masomo yake matatu. Lalla Nezha alijaribu kumkalisha Tuda ubavuni mwa wenzake, lakini kila somo liliandikwa kwa jina la mwenye zamu, na wenzake, ambao walimpenda, hawakuweza kumgawia hata wangetaka.

Hennu aliendelea kuja kuosha sufu, na Tuda aliendelea kuja naye. Ulipofika mwezi wa tano jua lilikuwa kali. Tuda aliinama, akakusanya maji kwa viganja viwili, akanywa. Hilo hakuna wa kumkataza: kwa desturi ya bonde lile mtu yeyote anaruhusiwa kunywa mferejini, saa yoyote, zamu ya yeyote, ilimradi anywe kwa mkono na asichote kwa chombo.

Aliinua kichwa akafuta kidevu. "Mama," alisema, "pembe za pembetatu zikijumlishwa ni digrii mia moja na themanini."

"Sawa," alisema Hennu. "Kunywa tena."

Wakajua hivyo. Zamu ya nyumba ya juu ilikuwa nzuri kwa hesabu, kwa kuwa mtoto wa nyumba ile alipenda hesabu na kuzirudia. Ya Moha ilikuwa Kifaransa kitupu, na ilikuwa na ladha ya udongo. Sayansi ilipita alfajiri, maji yakiwa baridi mpaka meno yanauma. Tuda alikunywa yote. Hennu naye alikunywa, ila kidogo, maana mikono yake muda mwingi ilikuwa na sabuni. Alichokipata ni somo moja tu, kwamba moyo una vyumba vinne, na alitembea nalo wiki nzima akiwa na furaha ambayo hakumwambia mtu. Alikuwa amedhani ni chumba kimoja, kama nyumba yao.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita Tuda alikuwa amemaliza masomo yote arobaini na ameingia ya sekondari, kwani maji hayakujua pa kusimama. Lalla Nezha alimpima darasani kwa siku tatu. Siku ya tatu aliweka chaki chini, akamshika Tuda kichwa kwa mikono miwili, akambusu kwenye paji la uso. Kisha akaandika barua kwa ofisi ya elimu, na mkaguzi akaja.

Si Bouazza, yaani Bwana Bouazza, mkaguzi, alikuwa mtu mnene mwenye adabu, aliyechoshwa na barabara. Walimkalisha kando ya mfereji wakampa chai ya nanaa. Alimuuliza Tuda maswali ishirini na Tuda akajibu ishirini, na swali la kumi na tatu alimsahihisha, kwa upole.

"Ameyasoma wapi?" mkaguzi aliuliza.

"Ameyanywa," alisema Lalla Nezha.

Si Bouazza aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa mtoto kasoma kwa shangazi yake. Akafungua mashine yake. "Tatizo ni hili, mwalimu. Hapa nina sehemu mbili tu. 'Amefungua somo', 'hajafungua somo'. Huyu kafungua matatu."

"Lakini anayajua yote."

"Anayajua, nimemsikia mwenyewe. Sehemu ya 'anayajua' haipo."

"Si uongeze kwa mkono?"

"Mashine haina mkono, binti yangu."

Hennu, aliyekuwa akimimina chai, alizungumza kwa mara ya kwanza. "Bwana mkubwa, nimemlea huyu peke yangu. Kama kuna karatasi ya kuweka dole gumba, mimi nitaweka yote mawili."

Si Bouazza alimtazama, na ilionekana kwamba neno lile lilimgusa. Alisema samahani, na alimaanisha. Kisha akatoa chupa ya plastiki kwenye begi lake, akaizamisha mferejini mpaka ikajaa, akafunga kizibo. Mwanawe alikuwa na mtihani wa kidato cha mwisho wiki ile. Aliuliza kama yakichemshwa yanaharibika.

"Sijui," alisema Hennu. "Sisi tunakunywa mabichi."

Ba Haddu aliiona ile chupa kutoka juu ya ukuta wake. Kwa miaka thelathini alikuwa amewapokonya watu hata birika. Akageuka, akaenda kuangalia punda wake.

Orodha ilitoka na majina manne. Mwezi wa tisa gari dogo la mizigo likaja kuwachukua wale wanne, wenye mashamba manne, na magodoro yao. Mtoto wa Moha alilia, akasema hataki kwenda bila Tuda kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimwelewesha. Moha akamwambia apande. Kitanda kimoja kwenye bweni la wasichana kilibaki kitupu mwaka ule. Lalla Nezha alipiga simu na kuulizia, akaambiwa ni kweli kipo, na kwamba kimewekewa shuka.

Tuda hakulia. Alisimama na mama yake mpaka vumbi likatulia. Hennu ndiye aliyelia, baadaye, akiosha sufu, mahali ambapo uso uliolowa hauulizwi.

Mwezi wa kumi maji yakapungua na ugomvi ukaanza. Bakuli la shaba lilikuwa limezeeka. Tundu lake lilikuwa limelika na kupanuka, likawa linazama kabla ya wakati. Kila nyumba ilidai imeibiwa. Ndugu wawili walipigana kwa majembe. Asubuhi moja Ba Haddu akaja kwa Hennu na bonge la sukari lililofungwa kwa karatasi ya samawati, la kupelekwa nyumba unayoiheshimu, na hakuna aliyewahi kuleta bonge kama lile katika nyumba ile.

"Nimekuja kwa binti," alisema.

"Karibu, Ba Haddu. Kaa."

Alitaka mabakuli yote yageuzwe kuwa saa na dakika, za simu, ili kusiwe na ubishi. Na haikuwa kazi ya kugawanya tu. Kulikuwa na hisa zilizorithiwa vipande vipande, thumuni ya mjane hapa, theluthi ya dada pale, nusu iliyouzwa na robo iliyorudishwa kama mahari. Ba Haddu alikuwa nazo zote kichwani na aliogopa kufa nazo. Tuda alimketisha, akamuuliza moja moja, akaandika. Ilichukua siku mbili. Hennu aliwapikia uji wa shayiri.

Siku ya pili, saa kumi jioni, kazi ikaisha. Nyumba ishirini na tisa, siku kumi na mbili za mzunguko, kila dakika na mwenyewe. Ba Haddu alifuata kwa kidole, ingawa hakujua kusoma vizuri, akaona kwamba ni haki. Akasema atarudi kesho na baraza kuichukua. Mlangoni aligeuka kana kwamba ana neno, akaangalia lile bonge la sukari, akaenda zake.

Hennu aliketi karibu na binti yake. "Nisomee."

Tuda akasoma. Alisoma nyumba baada ya nyumba, jina la mwenye nyumba, siku, saa ya kuanza, saa ya kuishia. Alisoma bila kugugumia, kwa sauti iliyonyooka.

"Na sisi?" aliuliza Hennu alipomaliza.

"Sisi hatumo, mama."

"Umeangalia vizuri?"

"Nimepiga hesabu mara tatu. Inafunga hivi hivi. Tukiingia sisi, haifungi."

Nje, maji ya nyumba ya nane yalikuwa yanapita. Hennu alichukua kikombe, akakumbuka kwamba mferejini hairuhusiwi kuchota kwa chombo, akakirudisha mahali pake. Kisha akamsogelea binti yake mpaka mabega yao yakagusana, akafumba macho.

"Soma tena," alisema. "Tangu juu."

Tuda akaanza tangu juu.